Komamanga Ukutani

Mwaka 1911, mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba ya mkuu wa Christ's College, mojawapo ya vyuo vya Cambridge nchini Uingereza, walikuta karatasi kuukuu zimebandikwa kwenye mihimili ya mbao. Upande mmoja wa karatasi hizo ulikuwa na chapa nyeusi: tunda kubwa, komamanga kwa macho ya wengine na koni ya msonobari kwa macho ya wengine, limezungukwa na majani yaliyojikunja na maua madogo madogo. Upande wa nyuma ulikuwa na maandishi. Yaliposomwa, ikabainika kuwa ni masalia ya karakana ya uchapaji: tangazo lililotolewa mwaka wa kwanza wa utawala wa Mfalme Henry VIII, na shairi la kumlilia baba yake, Henry VII. Wafalme hao walipokezana kiti mwaka 1509. Kwa hiyo mchapaji alichukua karatasi za shughuli ya mwaka huo ambazo hazikuhitajika tena, akazigeuza, akapiga nakshi upande uliobaki mtupu.

Kibao cha mbao alichotumia kilikuwa na ukubwa wa sentimita 41 kwa 28 hivi. Katika nakshi yenyewe, upande mmoja wa tunda kuna herufi H, na upande wa pili kuna ndege, bata bukini. Wanazuoni wengi wamezichukulia alama hizo mbili kuwa ndizo saini ya Hugo Goes, mchapaji wa York wa wakati huo, ambaye jina lake linakaribiana na jina la ndege huyo kwa Kiingereza. Katika Uingereza yote hakujapatikana karatasi ya ukutani ya kale zaidi ya hiyo.

Goes alikuwa mchapaji hodari, lakini nakshi haikuwa yake. Mtu yeyote wa mwaka 1509 aliyewahi kuingia kanisa kubwa au kukanyaga kasri angeitambua papo hapo. Ilikuwa nakshi ya mahameli ya Italia, kitambaa kilichokuwa ghali kuliko karibu vyote Ulaya, na hapa imeigwa kwa wino mweusi juu ya karatasi chakavu.

Ufumaji wa hariri ulikua Italia kwa biashara, na mara kadhaa kwa mabavu. Mwaka 1147 manowari za Roger II, mfalme wa Sisilia, zilivamia miji ya Thebes na Corinth huko Ugiriki, zikarudi Palermo na wafumaji wa hariri kama mateka. Lakini mji uliopata sifa kubwa kuliko yote katika karne ya 13 ulikuwa Lucca, mji wa ndani kidogo ya pwani ya Tuscany, uliofuma hariri zenye ndege, wanyama na mimea kwa kufuata mifano iliyotoka Uajemi na China. Mwaka 1314 Uguccione della Faggiola, mtawala wa Pisa, aliuteka mji huo na askari wake wakaupora. Mafundi wakatawanyika: wengine Venice, wengine Florence, wengine Bologna na Genoa. Ujuzi ambao Lucca ilikuwa ikiulinda kama siri ya nyumba ukawa mali ya miji mitano.

Mahameli inastahili tuitazame kwa karibu, kwa sababu bila kujua inavyofumwa hatuwezi kuelewa kwa nini karatasi iliyokuja baadaye ilikuwa na sura ile. Kitambaa cha kawaida kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na mshindio unaokatiza. Mahameli ina mitande miwili. Mmoja unashikilia kitambaa, na mwingine kazi yake ni kutoa manyoya. Mfumaji huinua nyuzi za mtande wa pili, akapitisha chini yake kijiti chembamba cha chuma chenye mfereji, akafuma mistari michache ya kukikaza, kisha akapitisha wembe ndani ya mfereji na kukata. Kijiti kinatoka, na pale nyuzi zilipokatwa husimama manyoya laini. Kisha anaanza tena. Ikiwa kitambaa kina maua, baadhi ya nyuzi hutumika sana na nyingine kidogo, kwa hiyo haziwezi kuzungushwa kwenye gogo moja. Kila uzi au kifungu cha nyuzi kina kigurudumu chake nyuma ya kitanda cha kufumia, na vigurudumu hivyo huwa mamia kwa mamia. Venice bado ina karakana inayofuma mahameli ya namna hii kwa mikono, kwenye vitanda vya karne ya 18, na fundi mzoefu hupata kama sentimita 30 kwa siku.

Nani alichagua ua lipi lionekane? Kamba. Kila kundi la nyuzi lilifungwa kwenye kamba, na msaidizi, mara nyingi mtoto, alizivuta kwa mpangilio uliowekwa na mchoraji. Kamba zilikuwa na idadi yake. Zikiisha, nakshi haina budi kuanza upya kutoka mwanzo. Hapo ndipo ilipotoka ile hali ya ua lilelile kujirudia juu, chini na pembeni. Mchoraji mahiri alijitahidi kuuficha mrudio huo: shina linapinda kushoto, kisha kulia, likibeba tunda kubwa kila linapogeuka, na vipande viwili vikishonwa ubavu kwa ubavu, majani yanakutana kwenye mshono kana kwamba hayakuwahi kutengana. Wachoraji wa hadhi kama Pisanello na Jacopo Bellini wameacha michoro ya vitambaa kwenye karatasi zao.

Komamanga lenyewe lilitoka mashariki, kama hariri. Ni tunda la Uajemi na nchi jirani, ambalo watu wa pwani yetu nao wanalijua vizuri. Kwa Wakristo wa Italia lilikuwa ishara ya ufufuo; kwa wafumaji wa Bursa, katika dola ya Waturuki, lilikuwa pambo lililoketi vyema katikati ya wavu wa majani. Italia na Bursa waliigana bila haya. Masultani wa Istanbul walivaa kaftani zilizoshonwa kwa mahameli ya Italia, na Waitalia walinunua mahameli ya Bursa. Ziko mahameli ambazo wataalamu wamebishana kwa miaka kama zilifumwa Venice au Bursa, na jambo hilo pekee linatueleza mengi kuliko hotuba nyingi kuhusu mipaka ya tamaduni.

Picha mashuhuri ya nakshi hii iko katika makumbusho ya Uffizi, Florence. Ni picha ya Eleonora wa Toledo, mke wa Cosimo wa Medici, aliyechorwa na Bronzino karibu mwaka 1545 akiwa na mwanawe Giovanni. Sura ya mama huyo haina hisia yoyote. Gauni ndilo linalozungumza, na komamanga kubwa la dhahabu limekaa katikati ya kifua. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alizikwa na gauni hilohilo. Makaburi ya familia yalipofunguliwa mwaka 1857, mabaki ya nguo aliyozikwa nayo yalikutwa ni ya gauni jingine, la kawaida zaidi. Watu hawakupenda kusikia hivyo, na hadithi ya zamani bado inasimuliwa.

Vitambaa kama hivi havikuwa vya kuvaa tu. Vilitundikwa ukutani. Nyumba za mawe za Ulaya zilikuwa za baridi, na ukuta uliofunikwa kwa hariri, sufu au ngozi iliyopambwa ulipunguza ubaridi na kutangaza utajiri kwa wakati mmoja. Pwani ya Afrika Mashariki haja hiyo haikuwapo: matajiri wa Lamu walipamba kuta zao kwa plasta iliyochongwa na safu za zidaka, na unyevu wa bahari usingeiacha hariri ya ukutani ikadumu. Ulaya, aliyekuwa na ukuta wa jiwe na mfuko mdogo alitafuta kitu kinachofanana na hariri kwa mbali. Ndipo Goes na wenzake walipoingia.

Karatasi yake ilikuwa na umbo la mahameli pasipo rangi, pasipo manyoya, pasipo mng'ao. Waliomfuata walihangaika miaka mingi kurudisha kimoja baada ya kingine, na kilichosumbua zaidi ni manyoya. Mwaka 1634 Jerome Lanyer wa London alipewa hataza ya mfalme kwa njia ya kugandisha vumbi la sufu juu ya kitani, pamba, ngozi na vitu vingine. Vumbi hilo lilikuwa taka: viwanda vya sufu hukata manyoya ya vitambaa ili visawazike, na yanayoanguka sakafuni hayana kazi. Kufikia mwisho wa karne hiyo mbinu ilikuwa imehamia kwenye karatasi. Fundi hupaka karatasi rangi ya chini, kisha akachovya kibao chenye nakshi ndani ya gundi nzito ya mafuta na kukikandamiza juu ya karatasi. Kabla gundi haijakauka, karatasi inaingizwa kwenye sanduku refu, ambalo baadaye lilitengenezwa kwa kitako cha ngozi ya ndama, na juu yake inanyunyiziwa sufu iliyotiwa rangi na kusagwa. Kijana anapiga ngozi hiyo kwa fimbo kama mpiga ngoma. Vumbi linaruka na kutua sawasawa. Likikauka na kupunguzwa, palipokuwa na gundi pamesimama manyoya. Kwa umbali wa hatua tano, ukitazama kwa mwanga wa mishumaa, ni mahameli ya Genoa.

Katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London kuna kipande cha karatasi hiyo kutoka ofisi za Baraza la Siri la mfalme huko Whitehall, cha karibu mwaka 1735: majani makubwa mekundu yanayopanda na kufunguka, nakshi iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye damaski na mahameli za Italia. Serikali, iliyokuwa na uwezo wa kununua hariri halisi, iliweka karatasi. Sehemu ya sababu ni wadudu. Nondo walikula sufu na hariri zilizotundikwa, lakini gundi ya karatasi ilikuwa na tapentaini, na nondo hawaipendi harufu yake. Kitu kilichoanza kama kibadala cha maskini kikawa kinadumu kuliko kile kilichoigwa.

Kitanda cha mfumi kiliacha alama nyingine. Karatasi za Kiingereza zilizoea upana wa inchi 21, yaani sentimita 53 hivi, unaokaribiana na upana wa damaski nyingi za wakati huo. Karatasi haina mtande wala kamba za kuvuta. Ingeweza kuchorwa bila mrudio wowote, kama Wachina walivyokuwa wakifanya kwa karatasi zao za ukutani zenye miti na ndege, ambapo kila kipande ni tofauti na jirani yake. Waingereza waliendelea kurudia ua lilelile, likikutana kwenye maungio kama kwenye mshono wa mahameli. Ni kweli kibao cha mbao nacho kinalazimisha mrudio. Lakini umbo la mrudio huo, shina linalopinda na tunda linaloketi kwenye kila kona, lilikuwa la mfumaji.

Serikali haikuchelewa kuona fedha. Mwaka 1712, wakati wa Malkia Anne, karatasi zilizopakwa au kupigwa chapa kwa ajili ya kuta zilitozwa kodi ya peni moja kwa kila yadi ya mraba. Wajanja walibandika karatasi nyeupe isiyo na kodi, kisha wakaita fundi aipake maua ikiwa tayari ukutani. Kodi hiyo ilidumu hadi 1836. Haikuzuia biashara. Ufaransa, ambako hariri halisi ilifumwa Lyon kwa wingi, Madame de Pompadour mwenyewe aliweka karatasi ya Kiingereza kwenye sehemu ya makazi yake Versailles mwaka 1754, na hapo kila mwenye cheo akaitaka.

Karne ya 19 ilileta mashine. Mwaka 1839 kampuni ya Potter ya Darwen, Lancashire, ilipata hataza ya mashine iliyochapa karatasi kwa silinda, na uzalishaji wa Uingereza ukapanda kutoka takriban roli milioni moja mwaka 1834 hadi karibu milioni tisa mwaka 1860. Waridi zenye vivuli, mandhari, nguzo za mawe za kuchorwa: kila kitu kilibandikwa ukutani. Nyingi zilikuwa mbaya, na hapa sioni sababu ya kuzipamba.

Mtu aliyekasirika kuliko wote alikuwa Augustus Pugin. Jengo la bunge la Westminster liliungua Oktoba 1834, na katika kulijenga upya, msanifu mkuu Charles Barry alimwachia Pugin mapambo ya ndani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1841, Pugin alishambulia karatasi zinazojifanya kuwa na kina. Ukuta ni bapa, kwa hiyo nakshi yake nayo iwe bapa. Kivuli cha uongo ni uongo. Kwa kumbi za bunge alichora karatasi za manyoya, na nyingi kati ya nakshi zake alizitoa wapi? Kwenye mahameli za Italia za karne ya 15: komamanga lilelile, limenyooshwa, limepigwa pasi, likiwa na rangi mbili au tatu tu na mpaka ulio wazi. Mtu aliyechukia uigaji alichagua nakshi iliyokuwa imeigwa kwa zaidi ya miaka 300. Lakini alikuwa na hoja. Mahameli ya Florence haikuwahi kujaribu kuonyesha komamanga halisi lenye kivuli. Ilionyesha umbo la komamanga, na umbo linahama kutoka kitu hadi kitu bila kudanganya. Pugin alifariki mwaka 1852 akiwa na miaka 40, akiwa amechoka na akili imemtoka.

Wakati huo vitambaa vyenyewe vilikuwa vikitoka makanisani kwenda makumbusho. Mkusanyaji mkubwa alikuwa kasisi wa Aachen, Franz Bock, aliyezunguka Ulaya akitafuta kanzu za kale za mapadre na kununua kwa bei nafuu vitu ambavyo mapadre wenyewe waliona ni matambara. Bock alikuwa na mkasi. Kitambaa kimoja alikikata vipande na kuviuza kwa makumbusho tofauti, ndiyo maana leo komamanga moja linaweza kuwa na nusu yake London na nusu yake Ujerumani. Makumbusho ya South Kensington, ambayo ndiyo Victoria and Albert ya leo, yalinunua vipande vyake vingi katika miaka ya 1860.

Mtu aliyevitumia kuliko wote ni William Morris. Karatasi zake za kwanza, za mwanzoni mwa miaka ya 1860, zilikuwa za bustani ya Kiingereza: waridi kwenye ua wa fito, vijiua vya majani, matunda yakiwemo makomamanga. Nyingine zilitiwa rangi ya kijani yenye aseniki, sumu iliyokuwa ya kawaida wakati ule. Kipimo cha maabara kilichotangazwa mwaka 2003 kiliikuta, na inakera zaidi ukikumbuka kuwa Morris alikuwa mwenye hisa na mkurugenzi wa mgodi wa Devon Great Consols, uliochimba shaba na kutoa aseniki kwa wingi. Kadiri alivyozidi kukaa kwenye kabati za South Kensington, ndivyo maua yake yalivyokua. Mbele ya tume ya serikali mwaka 1882 alisema ameyatumia makumbusho hayo kama mtu yeyote aliye hai.

Mwaka uliofuata makumbusho yalipata kipande cha mahameli ya Italia ya karne ya 17 chenye shina linalokwenda mshazari, likipinda kutoka kona ya chini hadi ya juu. Tangu hapo Morris akaacha kwa muda mpangilio wake wa kulia na kushoto vinavyolingana. Vitambaa vyake vya pamba alivyovipa majina ya mito ya Uingereza, kama Evenlode na Wandle, vina mshazari huohuo, na karatasi yake ya Wild Tulip ya mwaka 1884 pia. Mchapaji wake, Jeffrey & Co. wa London, hakutumia mashine. Kila rangi ilikuwa na kibao chake cha mbao. Kijana alisambaza rangi kwenye kitambaa, fundi akachovya kibao, akakilenga kwenye alama ndogo za pembeni, akakikandamiza kwa nguvu ya mguu, na karatasi yote ikasubiri kukauka kabla ya rangi inayofuata. Acanthus ya 1875 ilihitaji vibao 30. Karatasi aliyoibuni mwaka 1881 kwa ajili ya kasri la St James ilihitaji 68.

Bei ilifuata kazi. Morris, aliyejiunga na wasoshalisti mwaka 1883, alijua vizuri kwamba wafanyakazi aliowahutubia barabarani hawakuweza kununua roli moja ya karatasi hizo. Mwaka 1884 alijaribu kurudi kwenye chanzo chenyewe: mahameli ya hariri yenye uzi wa dhahabu, aliyoiita Granada, iliyofumwa kwenye karakana yake ya Merton Abbey. Ilifumwa yadi 20 tu, kwa gharama ya pauni 10 kwa yadi. Hakujaribu tena.

Aliyepata njia nyingine alizaliwa katika mji wa Granada wenyewe, mwaka 1871. Mariano Fortuny alikulia kati ya vitambaa vya kale ambavyo mama yake, Cecilia de Madrazo, alivikusanya, na mwaka 1889 familia ilihamia Venice. Akiwa na mkewe Henriette katika jumba la Pesaro degli Orfei, alitafuta namna ya kupata mng'ao wa mahameli bila kufuma mng'ao wowote: alipiga chapa kwa rangi zenye unga wa madini juu ya mahameli isiyo na maua, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 juu ya pamba ya kawaida, katika kiwanda alichokifungua kwenye kisiwa cha Giudecca mahali palipokuwa na nyumba ya watawa. Rangi hazikuwa sawasawa. Zilififia hapa na kukolea pale, kama kitambaa kilichokaa miaka mingi kwenye jua la dirishani. Makomamanga ya karne ya 15 yakarudi kufanyiwa kazi katika mji uliokuwa ukiyafuma, safari hii yakiwa juu ya pamba.

Fortuny alifariki mwaka 1949. Elsie McNeill, Mmarekani aliyekuwa akiuza vitambaa vyake New York tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, alikichukua kiwanda na kukiendesha kwa miongo kadhaa. Bado kinafanya kazi Giudecca. Wageni hupokewa kwenye chumba cha maonyesho, lakini karakana yenyewe hawaonyeshwi, na moja ya kazi za pamba inayotoka humo ni kutandazwa ukutani.